Baird: Mwasisi wa runinga aliyebwagwa na mistari 405

MTU anapofungua simu yake kutazama mechi au filamu inayotiririshwa kwenye intaneti, hukutana na tarakimu ambazo wengi huzichagua bila kujua zilikotoka: 480, 720, 1080. Ajualo mtazamaji ni kwamba tarakimu ikiwa kubwa, picha huwa safi na bando la data huisha upesi. Tarakimu hizo ni hesabu ya mistari. Picha ionekanayo kwenye kiwambo imepangwa kwa mistari, na kadiri mistari inavyoongezeka ndivyo uso wa mchezaji na nyasi za uwanja zinavyoonekana waziwazi.

Hesabu hiyo ina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia yenyewe imo katika maisha ya Mskoti mmoja aliyeanza na mistari 30, akabwagwa na wapinzani waliokuja na 405, kisha akafariki akiwa ameishawishi kamati ya serikali kufikiria 1,000. Huyo ni John Logie Baird.

Baird alizaliwa Agosti 13, 1888 katika mji wa Helensburgh, pwani ya magharibi ya Scotland. Alikuwa kitinda mimba katika aila ya watoto wanne. Babake, Kasisi John Baird, alihudumu katika Kanisa la Scotland. Tangu utotoni, mwanawe huyo alikuwa mtu wa kuuguauguua, na afya duni ilimwandama hadi kaburini.

Hata hivyo, udhaifu wa mwili haukumzuia kuchokorachokora vyombo. Akiwa angali mvulana, alitandaza nyaya kutoka nyumbani kwao hadi kwa marafiki zake na kuanzisha mtambo wake mdogo wa simu. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa dhoruba waya mmoja ulilegea, ukamnasa mwendeshaji wa gari la farasi na kumwangusha chini. Simu hizo zikafa. Kijana akageukia umeme, akaunda jenereta na kuwasha taa katika nyumba ya kasisi.

Alisomea uhandisi wa umeme mjini Glasgow, katika chuo cha ufundi na baadaye katika chuo kikuu. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilikatiza masomo yake na hakuwahi kurudi kuhitimu. Jeshi lilimkataa kwa sababu ya afya yake. Aliajiriwa na kampuni ya umeme, na huko akajaribu kutengeneza almasi kwa kupitisha umeme mwingi katika kaboni. Almasi haikupatikana. Kilichopatikana ni giza katika sehemu ya mji.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya biashara za kila aina. Aliuza soksi za kuvaliwa ndani ya soksi nyingine ili miguu isilowe, nazo zilimletea faida nzuri. Mnamo 1919 alisafiri hadi kisiwa cha Trinidad kutengeneza jemu, lakini wadudu waliivamia sukari na biashara ikazama. Aliporejea Uingereza aliuza asali, kisha sabuni. Kila alipoanza kusimama, maradhi yalimwangusha.

Ni maradhi hayo yaliyompeleka Hastings, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, mnamo 1923. Alikwenda huko kutafuta hewa safi. Alikuwa na umri wa miaka 34, hana kazi na pesa zake zilikuwa zikiyoyoma. Hapo ndipo alipoamua kuunda chombo cha kuona mambo ya mbali.

Wazo lenyewe halikuwa lake. Mwanafunzi Mjerumani, Paul Nipkow, alikuwa ameomba hataza ya kisahani cha kuchambulia picha mnamo 1884, miaka minne kabla ya Baird kuzaliwa. Hata jina la televisheni lilikuwepo tayari. Lilitumiwa na Mrusi Constantin Perskyi katika kongamano la umeme jijini Paris mnamo 1900, kwa kuunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya mbali na la Kilatini lenye maana ya kuona. Kiswahili nacho baadaye kilijipatia runinga, istilahi ambayo marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi wa Lamu, anatajwa kuwa ndiye aliyeiunda.

Kisahani cha Nipkow kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukitumia. Ni duara lenye matundu madogo yaliyopangwa kwa mzunguko kama gamba la konokono. Duara likizunguka mbele ya uso wa mtu, kila tundu hupita mahali pake na kuchambua ukanda mmoja mwembamba wa uso huo. Mwanga unaopenya hugeuzwa kuwa umeme, mwingi palipo na mwangaza na kidogo palipo na giza. Upande wa pili, kisahani kingine kinachozunguka kwa kasi ile ile hukusanya kanda hizo na kuijenga picha upya.

Maneno mawili makuu ya runinga yanaelezeka vyema kwa chombo hicho. Tundu moja huchora mstari mmoja. Mzunguko mmoja kamili wa kisahani huleta picha moja nzima, yaani fremu. Fremu zikifuatana haraka, jicho la binadamu hudanganyika na kudhani kuwa linaona kitu kinachosonga. Simu za leo hazina kisahani wala matundu, lakini bado picha zake huhesabiwa kwa mistari na fremu kwa sekunde.

Katika chumba chake cha kupanga mjini Hastings, Baird alitumia alivyovipata. Alichukua kasha la kofia, mkasi, sindano za kushonea sufu, lenzi za taa za baiskeli, sanduku la majani chai, nta na gundi. Kufikia mwanzoni mwa 1924 aliweza kurusha kivuli cha kitu kinachosonga. Mnamo Julai mwaka huo alipigwa na umeme wa volti 1,000 uliomtupa na kumuunguza mkono. Mwenye nyumba akamtaka ahame.

Alihamia London, katika orofa ya juu ya nyumba nambari 22, barabara ya Frith, mtaa wa Soho. Hakuwa na pesa za chakula cha maana, sembuse za vifaa. Alipokwenda katika ofisi za gazeti la Daily Express kutafuta wa kumtangaza, inasimuliwa kuwa mhariri alimtuma mwandishi amwondoe mwendawazimu aliyekuwa chini akidai kuwa na mashine ya kuonea mbali, na akamwonya ajihadhari kwani huenda mgeni huyo alikuwa na wembe. Duka kubwa la Selfridges lilimpokea vizuri zaidi. Kwa wiki kadhaa, kuanzia Machi 1925, aliwaonyesha wateja vivuli vyake.

Vivuli havikumtosha. Alitaka uso wenye weusi, weupe na kijivujivu. Taa alizotumia zilikuwa kali mno hivi kwamba binadamu hangevumilia kukaa mbele yake kwa muda mrefu, kwa hiyo alimweka mwanasesere aliyemwita Stooky Bill. Joto lilimchoma nywele na kumtia nyufa usoni. Mnamo Oktoba 2, 1925 uso wa mwanasesere huyo ulitokea kwenye mtambo wa kupokelea, ukiwa na macho, pua na mdomo.

Baird aliteremka ngazi mbio na kumkamata mtu wa kwanza aliyekutana naye, tarishi William Taynton aliyefanya kazi katika ofisi ya chini. Alimkalisha mbele ya taa na kukimbilia chumba cha pili. Hakuona kitu. Kijana alikuwa amesogea nyuma kwa kuogopa joto. Alimpa sarafu ya nusu krauni ili arudi mahali pake, na mara hii uso ukaonekana. Tarishi huyo akaingia katika historia kama binadamu wa kwanza kuonekana kwenye runinga iliyotofautisha vivuli vya uso, kwa malipo ambayo wanaosimama mbele ya kamera siku hizi hawangeyakubali hata kama nauli.

Januari 26, 1926 Baird aliwaalika wanachama wa taasisi ya sayansi ya Royal Institution pamoja na mwandishi wa gazeti la The Times. Takriban watu 40 walipanda ngazi nyembamba za nyumba ya Soho kwa vikundi, wengine wakiwa wamevalia mavazi rasmi ya jioni. Picha waliyoiona ilikuwa ndogo na ilitikisikatikisika, lakini ilitosha kumtambulisha mtu.

Baada ya siku hiyo mambo yalikwenda kwa kasi. Mnamo 1927 alirusha picha kutoka London hadi Glasgow kwa waya wa simu, umbali wa kilomita 705. Februari 1928 picha zake zilivuka bahari ya Atlantiki hadi Hartsdale, karibu na New York. Julai mwaka huo alionyesha runinga ya rangi, kwa kisahani chenye vichujio vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Rangi hizo tatu ndizo zinazounda kila picha ya rangi kwenye viwambo vya leo.

Alijaribu hata kuhifadhi picha. Aliziandika kwenye sahani za santuri, zile zile zilizotumiwa kwa nyimbo, ili mtu azitazame wakati mwingine apendao. Mtambo wa kuzichezesha kwa njia ya kuridhisha haukupatikana enzi za uhai wake, nazo sahani zikawekwa.

Septemba 30, 1929 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kurusha matangazo ya majaribio kwa mtambo wa Baird. Kulikuwa na kisambazaji kimoja tu kwa shughuli hiyo, hivyo watazamaji walimwona msemaji akichezesha mdomo bila sauti, kisha wakasikia sauti yake bila kumwona. Sauti na picha zilianza kurushwa kwa pamoja Machi 1930. Mnamo Julai mwaka huo tamthilia ilitangazwa, na mnamo 1931 kampuni ya Baird ilipeleka vifaa katika mashindano ya farasi ya Derby na kuyarusha moja kwa moja kutoka uwanjani.

Mwaka huo wa 1931 alifunga ndoa jijini New York na Margaret Albu, mpiga piano aliyezaliwa Afrika Kusini. Walijaliwa watoto wawili, Diana na Malcolm.

Kwa nini mistari ilikuwa 30 pekee? Wapo waliodhani, na wangalipo wanaodhani, kuwa Baird hakujua kuunda kisahani chenye matundu mengi. Sababu ilikuwa njia. Picha zake zilisafiri kwenye mawimbi ya redio yaliyotengewa sauti, na kila kituo kilikuwa na kipimo chake cha masafa ambacho hakikuruhusiwa kukipita. Kijia kilichokatwa kwa ajili ya mtu wa miguu kilitakiwa kupitisha lori. Kwa mistari 30 na fremu 12.5 kwa sekunde, Baird alikuwa amekijaza kijia hicho pomoni.

Upana huo wa masafa ndio mtazamaji wa leo anaoulalamikia kwa jina la kasi ya intaneti. Picha inapokwama katikati ya mkwaju wa penalti, au inapopoteza ubora ghafla na kuwa vipande vya mraba, ni ile njia imekuwa nyembamba kuliko mzigo. Picha ya Baird ilikuwa na nukta takriban 2,100. Fremu moja ya 1080 ina zaidi ya nukta milioni mbili. Aidha, picha yake ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko upana wake, ili ienee uso wa mtu na mabega, na mistari yake ilisimama wima. Runinga zilizofuata ziliuacha umbo hilo, hadi watu walipoanza kujirekodi kwa simu.

Vyombo vya kupokelea vya mistari 30 vilivyouzwa vilikuwa kama 1,000 hivi. Wakati huo, upepo ulikuwa umekwisha kugeuka. Nchini Marekani, kijana Philo Farnsworth alikuwa amefaulu mnamo 1927 kurusha picha kwa njia ya kielektroniki, bila kisahani wala kitu chochote kinachozunguka. Nchini Uingereza, kampuni ya EMI ilikusanya wahandisi hodari chini ya Isaac Shoenberg, akiwemo Alan Blumlein, nao wakaunda kamera ya kielektroniki. Mbele ya kamera hiyo, kisahani cha Baird kilianza kuonekana kama mkokoteni kando ya garimoshi. Ndani ya kampuni yake mwenyewe mambo hayakuwa mazuri. Wenye mtaji waliichukua, na kuanzia 1933 mwasisi akabaki jina la kupamba mlango huku maamuzi yakifanywa na wengine.

Januari 1935 kamati ya serikali iliyoongozwa na Lord Selsdon ilitoa ripoti yake. Ilipendekeza huduma ya runinga ya ubora wa juu, na ikaeleza kuwa ubora wa juu ni mistari isiyopungua 240 na fremu 25 kwa sekunde. Anayenunua runinga leo kwa sababu imeandikwa kuwa ni ya ubora wa juu huenda akashangaa kuwa sifa hiyo iliwahi kupewa picha ambayo sasa ingekataliwa hata kwenye simu ya bei ya chini.

Kamati iliamua kuwa kampuni mbili zipambane. Kampuni ya Baird ililetea mistari 240. Marconi-EMI ikaleta 405. Novemba 2, 1936 BBC ilifungua huduma yake katika jengo la Alexandra Palace, London. Sarafu ilirushwa, upande wa Baird ukashinda na kutangulia kurusha matangazo. Kuanzia hapo mitambo hiyo miwili ikapokezana wiki baada ya wiki.

Mistari ya Baird ilisomwa mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho wa kila fremu. Wapinzani wake walisoma kwanza mistari ya nafasi moja, kisha wakarudi kuijaza ya katikati, ili jicho lipate msisimko 50 kila sekunde badala ya 25 na picha isipepesepepese. Herufi p na i zinazofuata tarakimu za ubora wa video hutofautisha njia hizo mbili. Ile ya p ni ya mfululizo. Ilishindwa mwaka ule, lakini ndiyo inayotawala katika utiririshaji wa leo.

Udhaifu mkubwa wa upande wa Baird ulikuwa kamera. Kwa vipindi vya studio kubwa, walipiga kwanza filamu ya kawaida, wakaisafisha kwa kemikali papo hapo, kisha wakaisoma ikiwa bado majimaji. Kazi hiyo ilichukua karibu dakika moja. Kilichoitwa moja kwa moja kilikuwa kimechelewa, jambo wasilolionea ajabu wanaotazama mechi kwenye intaneti na kusikia jirani mwenye redio akishangilia bao ambalo wao bado hawajaliona. Isitoshe, kamera hiyo iliyounganishwa na mabomba ya maji na kemikali haikuweza kusogea. Ile ya EMI ilisukumwa popote.

Usiku wa Novemba 30, 1936, kabla mwezi mmoja haujatimia, jengo la Crystal Palace lililokuwa na maabara ya kampuni ya Baird liliteketea. Vifaa vingi viliungua. Februari 1937 uamuzi ulitangazwa kuwa mistari 405 ndiyo itakayotumika. Haitakuwa haki kudai kuwa moto ndio uliomshinda Baird. Hata bila moto, mtambo wa wapinzani ulikuwa bora, na waliofanya kazi katika studio zote mbili walilijua hilo. Mistari hiyo 405 iliendelea kutumika Uingereza hadi 1985.

Wengi wangefunga virago. Baird alirudi katika maabara yake ya nyumbani mtaani Sydenham, akaendelea na utafiti kwa pesa zake mwenyewe. Vita vilipozuka mnamo Septemba 1939, BBC ilizima runinga, na kampuni iliyobeba jina lake ikafilisika. Yeye alizidi kuunda huku mabomu yakiangukia London. Sasa alikuwa ameacha visahani. Agosti 1944 alionyesha kioo cha runinga cha kielektroniki chenye uwezo wa rangi, alichokiita Telechrome, kwa mistari 600. Aliishawishi kamati ya serikali iliyoongozwa na Lord Hankey kwamba baada ya vita nchi ilenge mistari 1,000 ya rangi.

Mpango huo haukutekelezwa. Uingereza ilirejea kwenye 405 nyeusi na nyeupe, kisha ikapanda hadi 625 mnamo 1964. Kenya, iliyopata runinga mapema miaka ya 1960, nayo ilitumia mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde, idadi iliyochaguliwa zamani kwa kuwa umeme wa majumbani hupiga mara 50 kwa sekunde. Mitambo hiyo ya analojia ilizimwa nchini mnamo 2015, ving'amuzi vilipochukua nafasi yake.

Februari 1946 Baird alipatwa na kiharusi. Juni 7 mwaka huo BBC ilifungua tena runinga yake, na watu wa London wakatazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Wiki moja baadaye, Juni 14, Baird alifariki akiwa usingizini nyumbani kwake katika mji wa pwani wa Bexhill-on-Sea. Alikuwa na umri wa miaka 57. Alizikwa Helensburgh, karibu na wazazi wake.

Zile sahani za santuri zilibaki. Katika miaka ya 1980 mhandisi Donald McLean alianza kuzisoma kwa kompyuta, akasafisha kasoro zake na kuzirejeshea picha. Kwenye sahani ya Septemba 1927 alitokea mwanasesere Stooky Bill, na kwenye nyingine ya 1928 mwanamke anayegeuza kichwa na kutabasamu. Picha hizo sasa zimo kwenye intaneti. Anayezitazama anaweza kuchagua 1080 akipenda. Mistari atakayoiona ni 30, nayo imesimama wima.